Mbio Tisa

Mimi ni Dhanpattie, mwandishi wa alama,
mwaka wa kumi na tisa katika kibanda hiki cha mbao
kando ya mashamba ya miwa, Berbice:
penseli mbili, kifutio, chupa ya chai,
na karatasi niliyoivika plastiki
kwa sababu mvua ya huku haibishi hodi.

Watu huiogopa karatasi hiyo.
Husema ni uganga wa wanahesabu,
kwamba mechi ikilowa, mshindi huokotwa kofiani.
Hapana. Inauliza jambo moja tu,
kama mama anayechungulia pipa la mchele mwisho wa mwezi:
umebakiwa na nini?
Ova ngapi hazijarushwa,
wapigaji wangapi hawajatolewa.
Maana ova kumi mikononi mwa watu wanane
si ova kumi za wawili wa mwisho, wanaotetemeka.
Akiba haiozi, wanasema.
Lakini akiba ya kriketi huoza kwa mpira mmoja.

Jumapili ile Skeldon walipata mia na themanini na tatu
katika ova zao arobaini.
Sisi, kwenye ova ya ishirini na saba,
tulikuwa na mia na kumi na tatu, wanne nje,
na wingu juu ya mto Canje
jeusi kama sufuria ya molasi.

Nikapitisha kidole kwenye safu ya wanne.
Kiwango: mia na tisa.
Tuko mbele kwa mbio nne!
Ikinyesha sasa, tumeshinda tukiwa tumekaa.
Nikamtuma Ravin, kijana wa maji, na glavu kavu:
"Mwambie Keon tuko mbele kwa nne.
Asipige juu. Azuie tu, azuie,
mvua itamalizia."

Keon Adonis, miaka ishirini na moja,
mabega ya mkata miwa,
akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.
Tone la kwanza likadondoka daftarini mwangu,
likavimbisha herufi ya kwanza ya jina lake.

Mpira ulikuja mfupi, mnono, ukiomba kupigwa.
Nani angeuacha?
Mimi ningeuacha.
Ulipanda hadi tukaupoteza mawinguni,
ukashuka pamoja na mvua yenyewe
mikononi mwa mtu wa mpakani
aliyekuwa amefumba macho.

Mia na kumi na tatu, zilezile.
Hakuna aliyeiba hata moja.
Ila kidole changu kilihamia safu ya watano
na karatasi ikasema: mia na kumi na nane.
Mbio tisa, bei ya mpira mmoja.
Mwamuzi Thornhill akang'oa vijiti, akavitia mfukoni,
na wote wakakimbilia bati.

Tulingoja. Bati lilipiga kelele mpaka tukaacha kuongea.
Keon akaja kibandani, pedi zikichuruzika.
"Shangazi, sabini na moja tu zilibaki. Tungezipata."
"Labda."
"Sasa karatasi imejuaje kwamba tusingezipata?"
"Haijui. Inajua watu wengine,
mamia kwa mamia, uwanja huu na ule,
waliowahi kubaki na hicho ulichobaki nacho,
na walifika wapi."
"Mimi si watu wengine."
Sikuwa na safu ya kumjibu hilo.
Nikammiminia chai.

Baadaye Ravin alikiri, akitazama viatu vyake:
alimfikishia ile ya nne tu.
Maneno mengine yalikuwa marefu, akayasahau njiani.

Saa kumi na moja na robo jua likatoka, bila haya.
Nyasi zikafuka mvuke. Watoto wakaingia na mpira wa tenisi
na boksi la soda kuwa wiketi.
Lakini mechi ilikuwa imeshafungwa.
Nimeandika: Skeldon, kwa mbio tano.
Thornhill ametia sahihi, nami nimetia.
Nimeuacha ukurasa wazi ukauke.
Ile K bado imevimba.